Pumzi ya Badi

Nilipokuwa darasa la sita nilijua kulia kwa miadi. Mwalimu aliyetufunza mashairi alikuwa ameijaza nakala yangu alama za wino mwekundu: hapa inua mkono wa kulia, hapa piga kifua, hapa piga goti. Pembeni mwa ubeti wa nne aliandika neno moja tu, "chozi". Nami chozi nililitoa. Lilitoka wilayani, likatoka mkoani, na mwaka uliofuata likatoka mbele ya waamuzi wa kitaifa katika Tamasha la Muziki la Kenya, mashindano yaliyoanza mwaka 1927 na ambayo, pamoja na kwaya na ngoma, yana nafasi ya mtoto kusimama peke yake jukwaani na shairi lake. Nilirudi kijijini na cheti. Mama alikitia kwenye fremu, akakitundika juu ya kabati la vyombo.

Silaumu tamasha wala mwalimu wangu. Nililopenda mimi ni makofi, na hilo sikufundishwa na mtu. Ukiniuliza leo shairi lile lilihusu nini, nitakwambia lilikuwa na machozi katika ubeti wa nne.

Ushuhuda ninaotaka kuutoa unaanza miaka kadhaa baadaye, nilipojiunga na chuo cha ualimu mwaka 2000 kusomea cheti cha kufundisha shule za msingi. Chuo kile kilikuwa na desturi ambayo sikuwa nimeiona kwingine. Kila Alhamisi baada ya chakula cha jioni, meza za bwalo zilisukumwa ukutani, viti vikageuzwa, na mwanachuo mmoja wa mwaka wa pili akasimama mbele yetu na kitabu. Tuliiita "zamu". Masharti yalikuwa machache. Unasimama peke yako, kwa dakika kumi na tano. Unasoma kazi ya mwandishi mwingine, yako huruhusiwi. Huvai vazi la mchezo, hupigiwi ngoma. Na hata kama umelihifadhi shairi zima moyoni, kitabu lazima kiwe mkononi.

Sharti hilo la mwisho lilituudhi. Mkufunzi wetu wa Kiswahili, mama mfupi mwenye sauti nzito, alilitetea kwa sentensi moja: "Kitabu kinawakumbusha watu kwamba maneno yana mwenyewe." Alitueleza kwamba desturi ya namna hiyo ilikita mizizi zamani katika vyuo vya Marekani. Huko Evanston, karibu na Chicago, Robert Cumnock alianzisha shule ya ufasaha katika Chuo Kikuu cha Northwestern mwaka 1878, na kwa miaka mingi baadaye wanafunzi waliendelea kusimama mmoja mmoja na kusomea watu riwaya, mashairi na tamthilia. Katika karne ya ishirini alifundisha hapohapo profesa Wallace Bacon, aliyesisitiza kwamba anayesoma kwa sauti anajifunza kumhisi mwingine, yule aliyemo ndani ya maandishi ambaye si yeye. Mkufunzi alikuwa na kitabu cha profesa huyo, jalada limeshikwa kwa gundi. Sisi tuliandika maelezo daftarini, tukapiga mstari chini ya "1878", maana tuliogopa mtihani.

Mimi niliisubiri zamu yangu kama mtu anayesubiri mshahara. Nilikuwa nimekwisha kuchagua shairi. Maktabani palikuwa na nakala moja ya *Sauti ya Dhiki* ya Abdilatif Abdalla, karatasi zake zimekuwa rangi ya chai. Hadithi ya kitabu hicho peke yake ilitosha kunipandisha mori. Abdilatif alizaliwa Mombasa mwaka 1946. Akiwa kijana wa miaka ishirini na kitu aliandika kijikaratasi kiitwacho *Kenya: Twendapi?*, na kwa ajili hiyo akafungwa miaka mitatu, tangu 1969 hadi 1972. Gerezani, katika upweke wa chumba, aliandika mashairi kwa siri juu ya karatasi za chooni. Mashairi hayo yalichapishwa mwaka 1973, na mwaka uliofuata yakapata tuzo ya fasihi yenye jina la rais yuleyule ambaye serikali yake ndiyo iliyomfunga.

Sikuchagua shairi la kifungo. Nilichagua "Mnazi: Vuta N'kuvute", ambamo Alii na Badi wanagombania mnazi na kujibizana. Nililichagua kwa sababu nilikuwa na ugomvi wangu.

Nyumbani kwetu ni Vihiga, mahali ambapo watu ni wengi na ardhi ni kidogo, na shamba la urithi mtu hulipima kwa hatua za miguu. Baba alipofariki alituachia kipande chake sisi wawili, mimi na kaka yangu. Nikiwa sekondari, kaka alipanda mikaratusi kwenye ukanda uliokuwa upande wangu, hatua sita kwa urefu wote wa shamba. Miti ilipokua akaanza kukata nguzo na kuuza. Kila likizo tulizozana. Yeye alianza sentensi, mimi nikaimalizia kwa hasira, mama akatoka nje kwenda kuangalia kuku ambao hawakuwa na shida yoyote. Kufikia mwaka wangu wa pili chuoni tulikuwa hatusalimiani ila mbele za wageni.

Kwa hiyo nilipolisoma shairi la Mnazi sikuona Mombasa wala mnazi. Niliona mikaratusi. Nikaamua Alii ni mimi, na Badi ni kaka. Shairi lenyewe halikuniomba nifanye hivyo.

Alhamisi ya zamu yangu nilivaa viatu vya ngozi nilivyoazima kwa mwenzangu wa bweni, vyeusi, vyenye kisigino kigumu. Alii nilimsimamisha wima, mkono kifuani, sauti ya mtu aliyedhulumiwa. Badi nilimkunja mgongo, nikampa sauti ya puani na jicho la kando. Kila mmoja alipopata zamu ya kusema nilivuka jukwaa, huku Alii, kule Badi. Bwalo lilicheka pale nilipotaka licheke. Nilipomaliza walisimama. "Umetisha!" ndilo neno nililosikia tangu jukwaani hadi mlangoni. Kitabu kilikuwa mkononi, ndiyo, lakini nilikuwa nakipungia hewani kama leso.

Katika darasa letu alikuwamo dada mmoja kutoka Lamu asiyeona tangu utotoni. Alisoma kwa breli, na mashine yake ya kuandikia nukta nundu ilitutangulia kuamka kila asubuhi. Katika mambo ya ushairi alikuwa mbele yetu sote, kwa kuwa alikulia katika nyumba ambamo tenzi zilighaniwa na wanawake jioni, na masikio yake yalizoea mizani kabla ya kujua kwamba kitu hicho kinaitwa mizani. Nilimwendea mezani nikiwa bado natoka jasho.

"Dada, umeonaje?"

Alicheka kwanza, kwa neno lile nililolitumia. Kisha akasema, "Nimesikia viatu. Ko, ko, ko. Ulikuwa ukenda wapi?"

Wenzetu wakaangua kicheko. Mimi nikacheka nao, cha kulazimisha. Nilidhani ameishia hapo.

"Na yule Badi," akaendelea, akiwa ameshusha sauti sasa, "mbona umemnyima pumzi? Alii ukifika kati ya mshororo wapumua, wampisha amalize. Badi wamkimbiza tu. Kila akifungua kinywa, washamfunga."

Nilijibu kwamba Badi ndiye mwenye makosa.

"Nani kakwambia?"

Usiku ule sikulala vizuri. Mtu anayeona angenisifu kwa mikono na mgongo wa Badi. Yeye hakuwa na mikono yangu wala mgongo. Alikuwa na kile tu kilichotoka kinywani, na kwenye kinywa changu alikuta dhuluma ambayo mimi mwenyewe sikujua kwamba nimeifanya.

Kwa wasiozoea, niseme kidogo kuhusu hiyo pumzi. Mshororo wa shairi letu la kawaida una mizani kumi na sita, nane upande wa ukwapi na nane upande wa utao, na kina cha kati kinasimama pale katikati kama kizingiti. Mghani hupumua pale. Utao mara nyingi ndio unaoeleza, au unaopinga, au unaolainisha kile kilichosemwa kwenye ukwapi. Ukimkimbiza mtu asipumue kizingitini, utao wake unatoka umechoka. Msikilizaji anabaki na nusu ya kwanza, na nusu ya kwanza ya maneno ya mtu yeyote ni rahisi kuichukia.

Wiki tatu baadaye ilikuwa zamu ya yule dada. Alisoma sehemu ya *Utendi wa Mwana Kupona*, ule ambao mwanamke wa Pate aliutunga mwaka 1858 akiwa mgonjwa, akimwita binti yake aje na wino na karatasi ili amwachie maneno. Alikaa kitini, kurasa nene za breli mapajani, uso ameuinua kidogo kama anayesikiliza mvua. Vidole vyake vilitembea, na maneno yakatoka kwa kasi ya vidole. Aliughani kwa mahadhi ya kwao, mizani nane, pumzi, mizani nane, pumzi. Hakuna kilichotikisika ila ncha za vidole. Nilimsikia mama mgonjwa, na nikamsikia binti aliyetumwa wino, ambaye katika utenzi wote hasemi neno.

Maswali yalipofunguliwa mwanachuo mmoja alisimama na ukali. Alitaka kujua kama msomaji, msichana wa siku hizi, anakubaliana na nasaha zile za mke kumtii mume.

"Mengine siyakubali," alijibu. "Lakini nikiwa pale kitini si mimi nisemaye. Mwana Kupona amekwisha kufa, hana wa kumsemea isipokuwa anayemsoma. Nikimsoma kwa kisirani, nitakuwa nimemzika mara ya pili."

Baada ya jioni ile nilimwomba anifundishe. Tulifanya mazoezi Jumamosi alasiri, nyuma ya maktaba, kwenye benchi la saruji. Siku ya kwanza alinivua viatu. Siku ya pili akaniambia nikalie mikono. Nilijiona mjinga, maana sikujua sauti yangu hufanya nini mikono ikiwa imefungwa. Siku ya tatu akanipa jambo gumu zaidi: nisome nikiwa nimeweka kidole chini ya neno, na nisitamke neno ambalo kidole hakijalifikia.

"Nyie mwaona mshororo mzima kwa mara moja," alisema. "Mwajua mwisho kabla ya mwanzo. Mimi sijui mwisho mpaka kidole kinifikishe."

Hapo ndipo nilipojua kosa lilipo. Nilikuwa nimeanza shairi nikijua nani atashinda. Nilisoma kutoka mwisho kurudi mwanzo, kama hakimu aliyekwisha kuandika hukumu akasikiliza mashahidi kwa adabu tu. Kwa kidole nililazimika kumfikia Badi neno kwa neno, na kila neno lilipofika lilikuwa na sababu yake. Jumamosi ya tano nilimsikia kwa mara ya kwanza akiwa mtu mwenye hoja. Nilikasirika. Naapa nilikasirika, nikafunga kitabu, nikamwambia dada yule kwamba shairi hili lina kasoro.

"Halina," alisema. "Unaumwa na kitu. Endelea."

Kwa kawaida kila mtu alikuwa na zamu moja tu. Lakini muhula wa pili mwenzetu mmoja alilazwa kwa malaria siku mbili kabla ya Alhamisi yake, na mkufunzi akauliza nani anaweza kuziba pengo. Niliinua mkono. Wenzangu wakapiga vigelegele, wakijua wanapata mchezo mwingine.

Nilisimama bila viatu kwenye sakafu ya saruji, nikafungua kitabu, nikasoma lile lile. Sikuvuka jukwaa. Alii na Badi waliishi katika mwili mmoja usiosogea, na tofauti yao ilikuwa ni namna kila mmoja anavyovuta pumzi. Katikati ya shairi nilisikia mlango wa jikoni ukilia na sufuria zikiwekwa chini polepole. Nilipomaliza hakuna aliyesimama. Makofi yalikuwa ya adabu, ya watu wenye mawazo mengine kichwani. Zamani hayo yangeniua.

Kisha msichana wa safu ya mbele akauliza, hakumwuliza mtu hasa, "Kwani mwenye haki ni nani?" Mwingine akamjibu kwamba ni Alii, ni wazi. Wa tatu akasema wazi kwa nani. Ndani ya dakika tano bwalo lilikuwa soko. Walibishana juu ya mnazi, juu ya Kenya, juu ya ndugu waliowafahamu, hadi kengele ya kuzima taa, na ubishi ukaendelea mabwenini gizani. Hakuna aliyesema nimetisha. Hakuna aliyenitaja kabisa. Nililala nikiwa na furaha ambayo sikuwahi kuipata kwenye cheti.

Ingeishia hapo ingekuwa habari ya shairi tu, nami nisingekuwa na ushuhuda wa kutoa.

Desemba nilirudi nyumbani. Siku ya pili nilimkuta kaka kwenye ukanda ule, amekalia gogo, ananoa panga. Sikuwa na hotuba. Nilikaa kwenye gogo jingine. Tulizungumza Kilogooli, lugha ya nyumbani, na alianza kama alivyoanza kila likizo: "Miti hii niliipanda mimi..."

Hapo ndipo nilipokuwa nikimkatiza. Miaka minne nilimkatiza hapohapo, kwa sababu nilijua mwisho. Mwili wangu ulikwisha kujiandaa, ulimi umejaa. Lakini masikio yalikuwa yamezoea kitu kingine, na nilisikia, waziwazi kabisa, kwamba kaka amefika kizingitini anavuta pumzi. Ule haukuwa mwisho wa maneno yake. Ulikuwa ukwapi. Nikakalia mikono yangu.

"...kwa sababu baba aliniambia nisiache upande wako wazi. Wewe ulikuwa shuleni. Jirani alikuwa anasogeza mpaka kila msimu wa kulima. Nilipanda ili pajulikane pana mwenyewe."

Akanyamaza. Nami nikanyamaza. Kisha akaongea kwa muda mrefu, kama mtu anayetoa mizigo kwenye mkokoteni. Nguzo za kwanza zilipaua nyumba ya mama. Za pili zilikwenda kwenye karo yangu ya kidato cha nne, ambayo mimi nilidhani ililipwa na mjomba. Alisema kilichomuuma ni kwamba katika miaka yote ile sikuwahi kumwuliza swali. Nilikuwa nikimpa majibu.

Sitaki kumfanya malaika. Kuna nguzo ishirini alizouza mwaka ule ambazo hadi leo hesabu yake haijatulia kichwani mwangu, na nikizitaja anabadilisha mazungumzo. Ukanda haukurudi kwangu siku ile. Tulikubaliana tu kwamba mavuno yajayo tutagawana, na kwamba mpaka wa jirani tutaulinda pamoja. Mama hakwenda kuangalia kuku. Alileta chai, akaiweka kati yetu, akakaa.

Sasa nina miaka zaidi ya ishirini katika ualimu. Ijumaa, kipindi cha mwisho, darasa langu lina zamu. Mtoto mmoja anasimama na kitabu, anasoma ukurasa mmoja wa mtu mwingine, na wenzake wanaruhusiwa kuuliza juu ya kile alichosoma, hawaruhusiwi kusema amesoma vizuri. Nikiwasomea mimi, navua viatu kwanza. Wageni wa ukaguzi hushangaa. Watoto wanadhani ni jambo la dini, na sijawakanusha. Wale wenye vipaji vya mikono na machozi huwa nawapenda sana, kwa kuwa nawajua, na huwaambia wakalie mikono yao wiki moja tu, watanishukuru au watanichukia.

Sijaacha kabisa kupenda makofi. Nikisimama kanisani kusoma somo, mkono wa kulia bado hutaka kuinuka kwenye neno "mbingu". Tofauti ni kwamba sasa nauona unavyotaka.

Yule dada anafundisha pwani. Hunipigia simu kila mwisho wa muhula, na kabla hajauliza habari ya mke wangu, watoto au mishahara, huuliza, "Badi hajambo?"

Nami humpa habari za kaka yangu: amepanda tena, mguu unamsumbua, ameozesha binti. Yeye husikiliza mpaka mwisho.